Filamu Mbili za Osaka, na Moja Isiyo na Mwenyewe

Kipofu anainua mguu, samurai anabwagwa chini, nami nikairudisha filamu nyuma ili nilione teke lile kwa mara ya pili. Ilikuwa usiku, watoto wamekwisha kulala, na kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na Namakura Gatana, katuni bubu ya Kijapani ya mwaka 1917 ambayo kwa miaka 90 hivi ilihesabiwa kuwa imepotea. Hadithi yake ni nyepesi. Samurai mwenye majivuno anauziwa upanga butu, anatoka nao kuvizia wapita njia ili ayajaribu makali, anamchagua mkandaji kipofu kwa kudhani kwamba huyo hatamsumbua, na kipofu anamkomesha. Anajaribu tena kwa tarishi, na tarishi naye anamshinda. Upanga unaishia kupinda.

Nilipotosheka na teke lile, nikaanza kumtafuta mwenzake. Filamu hii haikupatikana peke yake. Mwaka 2007 mtafiti Natsuki Matsumoto aliipata jijini Osaka, kwenye soko la vitu vya kale, pamoja na katuni nyingine fupi inayosimulia hadithi ya kale ya mvuvi Urashima Taro. Habari zilipotangazwa mwaka 2008, zote mbili zilitajwa kwa jina, kwa mwaka na kwa mtengenezaji: ya kwanza ni ya Jun'ichi Kouchi, 1917, ya pili ni ya Seitaro Kitayama, 1918. Lakini maandishi ya miaka ya baadaye, niliyoyafungua usiku uleule, yalisema vingine. Filamu ya kwanza imebaki na jina lake. Ya pili imevuliwa jina, kwa sababu watafiti walioichunguza upya walikataa kwamba ndiyo ile ya Kitayama, na hoja yao imekubaliwa.

Kwa hiyo filamu ya Kitayama bado imepotea.

Na hii tuliyo nayo haina mwenyewe.

Nimekaa na jambo hili kwa wiki kadhaa, nikilibeba kazini na kulirudisha nyumbani. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba kitu kilichopotea kina hali mbili tu, kwamba ama hakijaonekana au kimeonekana, na kwamba siku kinapoonekana, kazi imekwisha. Filamu hizi mbili, zilizotoka soko moja na kupitia mikono ya mtu mmoja, zimenionyesha kwamba kuna hali ya tatu, na kwamba hiyo ndiyo inayostahili kututia wasiwasi zaidi.

Asakusa

Ili kuelewa kwa nini filamu kama hizi zilipotea, inafaa kuanza na mahali zilipokuwa zikitazamwa. Katuni za kwanza za Kijapani hazikutengenezwa kwa ajili ya kuhifadhiwa wala kusomwa. Zilitengenezwa kwa ajili ya watu waliotoka kwenda kustarehe, na jijini Tokyo watu hao walikwenda Asakusa. Eneo lile, lililoota kando ya hekalu la Senso-ji, lilifanywa bustani ya umma mwaka 1873, na sehemu yake ya sita, iliyoitwa Rokku, ikawa ndiyo ya maonyesho. Hapo karibu palikuwa na Hanayashiki, iliyoanza mwaka 1853 kama bustani ya maua na baadaye ikawa uwanja wa michezo na burudani ambao upo hadi leo. Palikuwa na mnara wa Ryounkaku wa ghorofa 12, uliojengwa mwaka 1890 na kuwekewa lifti ya kwanza ya umeme nchini humo. Na mwaka 1903 pakafunguliwa Denkikan, jumba la kwanza la kudumu la sinema nchini Japani.

Mtu alikwenda Asakusa kwa mchanganyiko wa vitu. Alikula, akapanda mnara, akatazama wanyama, akaingia kwenye jumba moja, akatoka, akaingia jingine. Katuni ya dakika chache haikuwa sababu ya kukata tiketi. Ilikuwa kichekesho kilichopachikwa kwenye ratiba ya filamu ndefu, na ratiba ilipobadilika nayo ikaondoka. Mwaka 1917 makampuni matatu yalishindana kuwapa watu kichekesho hicho: Tenkatsu ilimtumia mchora vibonzo Oten Shimokawa, Nikkatsu ikamtumia Kitayama, na Kobayashi Shokai ikamtumia Kouchi. Watu watatu, kila mmoja akijifundisha kazi ambayo hakuna Mjapani aliyekuwa ameifanya kwa njia hiyo mbele yao.

Shimokawa alisimulia miaka mingi baadaye kwamba alianza kwa kuchora kwa chaki ubaoni: anachora, anapigisha picha, anafuta kidogo, anachora tena. Kouchi alikwenda njia ya karatasi. Aliwakata watu wake kwenye karatasi, akawasogeza kidogo kidogo chini ya kamera, na kila msogeo ukawa picha moja. Filamu za wakati ule zilionyeshwa kwa takriban picha 16 kwa sekunde, kwa hiyo teke moja la sekunde moja ni misogeo 16 ya mguu wa karatasi, na dakika moja ya filamu ni misogeo 960. Nikiitazama Namakura Gatana polepole, namwona mtu aliyepima uzito wa kila msogeo. Samurai anatumbua macho kuukagua upanga, mwili unatulia, na ule utulivu ndio unaochekesha. Kutulia huko hakutokei kwa bahati. Mtengenezaji anapaswa kuamua kuupiga picha uso uleule, usiosogea, mara kadhaa mfululizo, akiamini kwamba mtazamaji atacheka kwa kusubiri.

Hicho ndicho kinachonifanya niamini kwamba Kouchi alikuwa msanii na si fundi aliyepewa kazi. Filamu yake iliandikiwa uhakiki na jarida la sinema mwaka uleule wa 1917, jambo lisilokuwa la kawaida kwa kichekesho cha ratiba.

Lakini hata tukiwa nayo mkononi, hatunayo yote. Kando ya skrini alisimama benshi, msimulizi aliyewapa wahusika sauti, akaeleza, akatania, akaongeza chumvi. Sisi Afrika Mashariki tunaweza kumwelewa benshi kwa wepesi kuliko watu wengi, kwa sababu tumeketi katika mabanda ya video na kuzisikia filamu za kigeni kupitia kinywa cha mtu kama DJ Afro, na tunajua kwamba kuna watu walioipenda filamu kwa ajili ya msimulizi tu. Maneno aliyoyasema benshi wa Asakusa juu ya samurai yule yaliishia hewani. Ninapoitazama filamu kimya chumbani, natazama nusu ya onyesho, na nusu hiyo nyingine hakuna soko la vitu vya kale litakaloirudisha.

Kilichoziangamiza

Sababu za kupotea zinajulikana, nami sitazirefusha. Filamu za wakati ule zilitengenezwa kwa nitrati, kitu kinachowaka kwa kasi ya kutisha na ambacho hata kisipowaka huoza chenyewe. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kubwa la Kanto lilileta moto ulioiteketeza sehemu kubwa ya Tokyo. Asakusa iliungua, na mnara wa ghorofa 12 ukavunjika kiasi kwamba mabaki yake yalibidi kubomolewa. Studio ya Kitayama, aliyoianzisha mwaka 1921 baada ya kuachana na Nikkatsu, iliharibiwa siku hizo hizo, naye akahamia Osaka. Kisha vikaja vita na mabomu ya mwaka 1945. Hata hifadhi yenyewe ya taifa haikusalimika: Septemba 1984 moto ulizuka katika Kituo cha Taifa cha Filamu jijini Tokyo na kuteketeza filamu za kigeni zilizokuwa zimehifadhiwa humo.

Ila nadhani tunayalaumu majanga kupita kiasi. Filamu nyingi hazikusubiri tetemeko. Zilizungushwa kutoka jumba la mjini hadi jumba la wilayani mpaka zikachanika, na zilipochanika hakuna aliyeona sababu ya kuzishona. Kobayashi Shokai yenyewe ilikwama kifedha ndani ya mwaka uleule wa 1917. Kampuni ikifa, nani ataliangalia kabati lake?

Waliozihifadhi bila kujua

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi, kwa sababu ndipo jibu lilipokuja kutoka upande ambao sikuutarajia.

Nakala chakavu za filamu nchini Japani zilikuwa na soko la pili. Wafanyabiashara walizinunua, wakazikata vipande vifupi, wakaviweka kwenye vikopo vidogo na kuviuza pamoja na projekta za bati zinazozungushwa kwa mkono, ili watoto wa familia zenye uwezo wajionyeshee sinema nyumbani. Kipande kingeweza kuwa cha nusu dakika, au cha dakika moja na kitu: mapigano ya panga, kichekesho, tukio la kusisimua. Mjini Kyoto kuna jumba dogo la makumbusho, lililofunguliwa mwaka 2015, linaloshughulika na vipande vya aina hii, na kutoka katika vikopo kama hivyo zimepatikana sehemu za filamu ambazo nakala zake kamili hazipo tena popote.

Fikiria maana yake. Kampuni iliyoitengeneza filamu haikuitunza. Jumba lililoionyesha halikuitunza. Serikali haikuwa na mpango. Mwaka huohuo wa 1917 polisi wa Tokyo walitoa kanuni zilizozigawa filamu katika madaraja mawili, moja likiwa haliruhusiwi kwa watoto walio chini ya umri wa miaka 15. Kwa maneno mengine, dola ilishughulika na nani atazame, na haikushughulika na nini kibaki. Aliyeibakiza ni baba aliyemnunulia mwanawe kitu cha kuchezea, na mama aliyekiweka kikopo juu ya kabati mtoto alipokua, na wajukuu ambao hawakukitupa mpaka siku ya kuhamisha vyombo.

Ninaliheshimu tendo hilo. Ninaliheshimu kwa moyo wote, na sioni haya kusema kwamba lilinitoa machozi nilipolielewa, kwa sababu katika familia zetu pia vitu vya thamani vimenusurika hivyohivyo, bila mpango wa mtu yeyote.

Lakini lina gharama yake. Anayekata filamu ili aiuze kama kitu cha kuchezea hukata kwanza kile ambacho mtoto hakihitaji. Jina la kampuni, jina la mtengenezaji, mwaka: hivyo haviuzi. Kinachobaki ni tukio lenyewe, likiwa limetenganishwa na kila kitu kinachoweza kutuambia lilitoka wapi. Njia ileile iliyoiokoa filamu ndiyo iliyoipokonya utambulisho wake.

Sekunde tatu za Kyoto

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule ambao Matsumoto huyuhuyu aliukuta kabla ya safari yake ya Osaka. Mwishoni mwa mwaka 2004 muuzaji wa vitu vya mitumba alimpelekea habari za mali iliyotoka katika nyumba moja ya Kyoto: projekta, filamu kadhaa na vioo vya taa ya picha, ile taa ya kale ya kurushia picha ukutani. Miongoni mwake kulikuwa na utepe mfupi wa filamu ya milimita 35 wenye picha 50, ambao ncha zake zimegundishwa pamoja ili uzunguke bila kukoma. Picha zake hazikupigwa kwa kamera. Zilichapwa moja kwa moja juu ya utepe, kwa rangi nyekundu na nyeusi, kwa njia iliyotumika kuchapa vioo vya taa ya picha.

Ukiuzungusha unapata sekunde tatu. Mvulana aliyevaa sare ya baharia ametupa mgongo. Anaandika ubaoni herufi nne za Kijapani, kuanzia kulia kwenda kushoto, zinazosema «katsudo shashin», jina walilokuwa wakiliita sinema siku zile. Anapomaliza anageuka, anavua kofia, anatuinamia. Kisha ncha ya utepe inaifikia ncha nyingine, naye yuko ubaoni tena.

Mistari inachezacheza, kwa kuwa rangi haikuangukia mahali palepale katika kila picha, na mvulana anatetemeka kidogo kana kwamba ana baridi. Hakuna kingine. Hakuna jina la aliyemchora, hakuna jina la duka, hakuna mwaka. Matsumoto alikadiria, kwa kuangalia namna utepe ulivyotengenezwa na vitu vilivyoandamana nao, kwamba ni wa miaka ya mwisho ya enzi ya Meiji (1868–1912), pengine karibu na mwaka 1907. Ugunduzi ulipotangazwa mwaka 2005, neno «pengine» lilianguka njiani, na watu wengi wakaanza kumwita yule mvulana katuni ya kwanza kabisa ya Kijapani.

Mimi sioni kwamba anaihitaji taji hiyo. Utepe ule haukuonyeshwa Asakusa wala ukumbini popote. Ulikuwa kitu cha nyumbani, kilichotengenezwa kwa kufuata vifaa vya kuchezea ambavyo mafundi wa Ujerumani walikuwa wamekwisha kuvisambaza duniani. Kuulinganisha na kazi ya Kouchi au Shimokawa ili kujua nani alitangulia ni kuvidhulumu vyote viwili. Na bado, kwa upande wa jina, mvulana yule amekuwa na bahati ya namna yake. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kumpachika mtengenezaji, ameandikwa tangu siku ya kwanza kuwa ni kazi ya mtu asiyejulikana. Hakuna aliyelazimika kumvua kitu baadaye.

Hadithi ya mmoja na hadithi ya wote

Kwa nini, basi, Namakura Gatana ikasimama na Urashima ikaanguka?

Sidhani ni kwa sababu mtu alifanya uzembe. Nimelifikiria jambo hili kutoka upande wa mtu aliyeketi na tepe mbili mezani, akiwa na orodha za filamu zilizotolewa miaka ya 1917 na 1918 pembeni. Hadithi ya samurai mjinga aliyeuziwa upanga butu, akashindwa na kipofu na tarishi, haifanani na nyingine. Inapokutana na maelezo yaliyoandikwa wakati filamu ilipotoka, ama inaoana nayo au haioani. Baadaye ikapatikana nakala nyingine, na kwa kuziunganisha mbili hizo ikawezekana kurejesha filamu iliyo ndefu kuliko ile ya kwanza, ambayo ilikuwa ya dakika mbili tu. Toleo hilo refu ndilo nililokuwa nikilitazama usiku ule. Kituo cha Taifa cha Filamu kiliweka katuni za kale kwenye tovuti yake mwaka 2017, wakati Japani ilipoadhimisha miaka 100 ya sanaa hiyo.

Urashima Taro ni jambo jingine. Ni mvuvi aliyemwokoa kobe, akachukuliwa hadi kasri chini ya bahari, akakaa kwa siku alizodhani ni chache, akarudi kijijini na kukuta hakuna anayemfahamu kwa sababu zilikuwa zimepita karne. Kila mtoto wa Japani aliijua. Ilikuwamo katika vitabu vya shule na katika nyimbo za shule. Mchoraji yeyote, wa mwaka wowote, aliyetaka kuwafurahisha watoto angeweza kuichora, na wengi waliichora. Ukikuta utepe wenye mvuvi na kobe, na orodha yako ina Urashima ya Kitayama ya mwaka 1918, moyo unakwenda mbio. Unataka iwe hiyo. Kitayama ni mmoja wa wale watatu, na wa kwanza kuanzisha studio yake mwenyewe ya katuni, na kazi zake za miaka ile zimetoweka. Kuirudisha hata moja kungekuwa sikukuu.

Nami ningetaka iwe hiyo. Nilipolisoma tangazo lile la mwaka 2008, hata baada ya kujua lilivyokuja kupingwa, niliona jinsi kila sentensi yake ilivyokuwa na furaha ya haki.

Hadithi ikiwa ya wote, haiwezi peke yake kumtaja mmoja. Ilibidi watu warudi kwenye picha na maelezo ya wakati ule, wailinganishe filamu ile nayo kitu kwa kitu, na kukubali kwamba havilingani. Kazi hiyo haina shangwe. Aliyetangaza ugunduzi aliandikwa magazetini. Aliyesema «hapana, siyo» aliandikwa katika tanbihi. Nafikiri huyu wa pili ameifanyia sanaa ile hisani kubwa kuliko inavyodhaniwa, na sababu yake nimeielewa polepole.

Jina linalofunga msako

Kwa muda nilidhani kwamba kuivua filamu jina ni hasara. Ilikuwa na baba, sasa ni yatima. Ilikuwa na mwaka, sasa haina. Ningeweza kusema kwamba watafiti wametunyang'anya kitu, na kwamba jina la kukadiria lingekuwa bora kuliko kutokuwa na jina. Nilizunguka na wazo hilo kwa siku nyingi, na lilikuwa na mvuto wake, kwa maana mtazamaji wa kawaida hataki alama ya kuuliza. Anataka kujua anachotazama.

Kilichonigeuza ni swali dogo. Kama filamu ya Osaka ndiyo ya Kitayama, basi nani ataitafuta ya Kitayama?

Hakuna.

Tuseme kuna mzee mahali fulani, Osaka au Kyoto, au hata nje ya Japani katika nyumba ya watu waliohama na vyombo vyao kabla ya vita, mwenye kikopo kilichobandikwa jina la Urashima. Anakipeleka kwa mtu anayejua. Mtu huyo anafungua orodha na kuona kwamba filamu hiyo ilikwisha kupatikana mwaka 2007, inaonyeshwa, inatazamwa na kila mtu. Anamrudishia mzee kikopo chake kwa adabu. Nitrati haisubiri, miaka michache ya joto na unyevu inatosha kuigeuza kuwa unga. Jina la makosa linaweza kuiangamiza filamu halisi kwa uhakika kuliko tetemeko, kwa sababu tetemeko huacha watu wakiwa na huzuni na hamu ya kutafuta, na jina la makosa huwaacha wakiwa wametosheka.

Ndiyo hali ya tatu niliyoitaja mwanzoni. Kitu kilichopotea bado kina watu wanaokitafuta. Kilichopatikana kina watu wanaokitunza. Kinachodhaniwa kuwa kimepatikana hakina yeyote.

Filamu za mahali pamoja

Wiki hizi nimekuwa nikifikiria pia filamu zinazotengenezwa leo kwa ajili ya mahali pamoja tu. Jumba la Makumbusho la Ghibli, studio maarufu ya katuni za Kijapani, huko Mitaka karibu na Tokyo, lililofunguliwa Oktoba 2001, lina ukumbi mdogo unaoonyesha filamu fupi ambazo haziuzwi kwenye diski wala kuonyeshwa kwenye televisheni. Ukizitaka, unakwenda. Tangu Novemba 2022 zinaonyeshwa pia katika Bustani ya Ghibli mkoani Aichi, palipofanyika Maonyesho ya Dunia ya mwaka 2005. Kuna watu wanaochukizwa na utaratibu huo, hasa sisi tulio mbali, ambao tiketi ya ndege ni kikwazo kikubwa kuliko tiketi ya mlangoni.

Mimi sichukizwi nao. Filamu inayokufuata hadi kwenye simu haikuachii kumbukumbu ileile kama filamu uliyoifuata wewe, na Asakusa ilikuwa hivyo kwa watu wake. Tofauti ni kwamba Ghibli inajua inachomiliki, imekiandika na inakitunza. Wasiwasi wangu ni kwa zile nyingine, zilizotengenezwa kwa ajili ya viwanja vya burudani na maonyesho ya kibiashara katika miongo ya karibuni, ambazo mkataba wake ulikuwa wa msimu mmoja na ambazo waliozichora walilipwa bila majina yao kuandikwa popote. Kitaalamu zina hali bora kuliko utepe wa Kouchi, kwa kuwa haziwaki moto. Kiutambulisho zimeanzia pale Urashima ya Osaka ilipofikia.

Kwa wanaoiweka mtandaoni

Filamu ile ya mvuvi na kobe bado inazunguka mitandaoni ikiwa na jina la Kitayama na mwaka 1918, imepakiwa na watu wanaoipenda na wasio na nia yoyote mbaya. Maelezo yake yamenakiliwa kutoka habari za mwaka 2008, na kila nakala inazaa nakala nyingine. Kama wewe ni mmoja wao, ninakuomba urudi kwenye maelezo uliyoyaandika. Ondoa jina. Andika kwamba ni katuni ya Kijapani ya hadithi ya Urashima Taro, kwamba mtengenezaji hajulikani, kwamba mwaka haujathibitishwa, na kwamba ilipatikana Osaka mwaka 2007 pamoja na Namakura Gatana. Kisha ongeza sentensi moja zaidi, iliyo muhimu kuliko hizo zote: kwamba Urashima Taro ya Seitaro Kitayama, iliyotolewa na Nikkatsu mwaka 1918, bado inatafutwa.